BENDERA NA NEMBO YETU: PEMBE ZILE ZILIPITA KIGWA



Chukua noti iliyo mfukoni mwako. Iwe ya shilingi 1,000 au ya 10,000, si kitu. Itazame vizuri. Utaona picha ndogo ya ngao. Upande mmoja wa ngao amesimama mwanamume. Upande wa pili amesimama mwanamke. Hiyo ndiyo Nembo ya Taifa. Watu wengi huiita "bibi na bwana".

Umeiona mara nyingi. Iko juu ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto wako. Iko kwenye barua za Serikali. Iko kwenye ukuta wa mahakama. Lakini kuona ni jambo moja, na kusoma ni jambo jingine. Wewe uliyemaliza kisomo unalijua hilo kuliko mtu mwingine yeyote. Zamani uliziona herufi ukutani ukazipita. Sasa unazisoma. Nembo nayo inasomwa, kitu kimoja kimoja, kama herufi.

Nilianza kuyafikiria haya katika mkutano mmoja wa kijiji hapa Kigwa. Mimi ni bwana shamba, nilikwenda kueleza habari za mbolea. Mzee mmoja akanyosha mkono. Akasema: "Bwana Shamba, mbolea tumesikia. Sasa nieleze jambo moja. Pale kwenye karatasi yako kuna bibi na bwana, nao wameshika pembe za ndovu. Mtu akikutwa na pembe nyumbani anafungwa. Mbona Serikali yenyewe imezichora?"

Watu walicheka. Lakini swali la mzee lilikuwa la maana. Na kulijibu hapa Kigwa ni rahisi kuliko mahali pengi, kwa sababu pembe zilipita hapa.

BENDERA ZILIZOPITA NJIA HII

Kigwa iko mashariki ya mji wa Tabora, katika Wilaya ya Uyui. Zamani hapa palikuwa njiani. Misafara ilitoka pwani, Bagamoyo au Kaole, ikapanda Ugogo, ikaingia Unyamwezi kwa kupitia Tura. Kutoka Tura ilikwenda Rubuga, kisha Kigwa, kisha Kazeh. Kazeh ndiyo Tabora ya leo.

Mwaka 1857 walipita Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke. Waliondoka Kaole mwezi wa Juni. Wakafika Kazeh tarehe 7 Novemba. Ilikuwa safari ya siku 134. Mwaka 1871 alipita Henry Stanley, akimtafuta Livingstone. Hao waliandika vitabu, ndiyo maana majina yao tunayajua. Wapagazi waliowabebea mizigo walikuwa wengi zaidi, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi. Majina yao hayakuandikwa.

Mbele ya msafara alitangulia kiongozi wa njia. Aliitwa kirangozi. Mkononi alishika bendera. Kama msafara umetoka pwani, bendera hiyo ilikuwa nyekundu tupu, haina picha wala maandishi. Ilikuwa bendera ya Sultani wa Unguja. Sultani hakutawala Kigwa. Huku walitawala watemi. Lakini bendera yake ilipita hapa mwaka baada ya mwaka, ikatangulia mbele ya mizigo.

Halafu zikaja nyingine. Mwaka 1890 Wajerumani walipandisha bendera yao Tabora. Mtemi Isike wa Unyanyembe hakuitaka. Alipigana nao. Mwezi wa Januari 1893 boma lake lilipovunjwa, alijaribu kujilipua kwa baruti kuliko kukamatwa. Mwezi wa Septemba 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Wabelgiji waliingia Tabora kutoka Kongo. Bendera yao ilikaa muda mfupi. Wakafuata Waingereza. Bendera yao ya Tanganyika ilikuwa na kichwa cha twiga. Nadhani twiga mwenyewe hakuulizwa.

Hesabu mwenyewe. Mtoto aliyezaliwa Kigwa mwaka 1885, akaishi miaka 80, aliona bendera za watu wanne wa kigeni kabla ya kuiona ya kwake.

BENDERA YA SASA

Rangi za kijani na nyeusi zilianza katika chama cha TANU. Wazee wa Tabora wanakumbuka mkutano mkubwa wa TANU uliofanyika mjini kwao Januari 1958. Ndipo chama kilipoamua kuingia katika uchaguzi wa kura tatu. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ilipata Uhuru. Bendera yake ilikuwa ya kijani, nyeusi na kijani tena, na mistari ya rangi ya dhahabu katikati. Haikuwa na rangi ya buluu hata kidogo.

Buluu ilitoka Zanzibar. Mapinduzi ya Zanzibar yalifanyika tarehe 12 Januari 1964. Bendera nyekundu ya Sultani ikashushwa. Ikapandishwa ya buluu, nyeusi na kijani, rangi za chama cha Afro-Shirazi. Tarehe 26 Aprili 1964 nchi hizo mbili ziliungana. Mwaka huo huo, mwezi wa Juni, bendera mbili zikafanywa moja. Ndiyo hii tuliyo nayo.

Kijani ni ardhi na mimea yake. Nyeusi ni sisi wananchi. Dhahabu ni madini. Buluu ni maji: bahari, maziwa na mito.

Mtu wa Kigwa anaweza kusema bahari iko mbali, haimhusu. Lakini babu zake walikwenda baharini kwa miguu na kurudi. Na siku hizi maji ya Ziwa Victoria yamefika Tabora mjini kwa bomba. Buluu ile si ya watu wa pwani peke yao.

Jambo moja la kuangalia kwenye ofisi ya kijiji na shule. Bendera yetu inaweza kupandishwa juu chini bila watu kujua. Simama mlingoti uwe upande wako wa kushoto. Kijani kiwe juu, karibu na mlingoti. Buluu iwe chini, upande wa mbali. Mstari mweusi uanzie chini kwenye mlingoti, upande kwenda juu, kama mtu anayepanda kilima. Ukiona mstari unashuka, mwambie mwalimu au mtendaji airekebishe.

NGAO

Sasa rudi kwenye nembo. Anza juu, shuka chini, kama unavyosoma ukurasa.

Sehemu ya juu ya ngao ni ya rangi ya dhahabu. Ni madini. Kutoka kwetu hayako mbali. Almasi za Mwadui huko Shinyanga ziligunduliwa mwaka 1940, na mgodi wa kwanza mkubwa wa dhahabu wa siku hizi ulifunguliwa Nzega mwaka 1998. Juu ya dhahabu hiyo kuna mwenge unaowaka. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alikuwa juu ya Mlima Kilimanjaro na mwenge na bendera mpya. Mwenge ni uhuru, na pia ni elimu. Chini ya sehemu hiyo kuna bendera yenyewe. Mkuki uliosimama ni ulinzi wa uhuru, na mtu wa Tabora akiuona anaweza kumkumbuka Isike.

Chini ya bendera ni sehemu nyekundu. Ni udongo wenye rutuba wa Afrika. Hapa naomba niseme kama bwana shamba. Udongo wa kwetu Kigwa kwa sehemu kubwa si mwekundu, tena haukujaliwa rutuba nyingi. Ni kichanga kwenye miinuko, na mfinyanzi mweusi kwenye mbuga ambako tunalima mpunga kwenye majaruba. Mchoraji hakutuchora sisi. Lakini kichanga kikitiwa samadi kinalisha watu.

Mwisho wa ngao kuna mawimbi ya buluu na meupe. Ni bahari, maziwa na pwani. Ngao yote imesimama juu ya Mlima Kilimanjaro.

PEMBE

Sasa tulijibu swali la mzee.

Siku za misafara pembe zilipimwa kwa frasila. Frasila moja ni kama kilo 16. Mpagazi mmoja alibeba kama frasila mbili begani. Pembe kubwa iliyowashinda watu wa kawaida ilipewa mtu mwenye nguvu hasa, au ilifungwa kwenye mti wakaibeba watu wawili. Wapagazi wa pembe walikuwa na heshima yao. Walikwenda mbele, nyuma ya kirangozi. Wengine walifunga kengele kwenye ncha ya pembe, ili watu wa kijiji wasikie kwa mbali kwamba pembe zinakuja.

Basi fikiri jinsi Kigwa ilivyokuwa. Kwanza unasikia kengele. Halafu unaona bendera nyekundu. Halafu mstari mrefu wa watu, na mabega yamevimba.

Pembe zilikwenda wapi? Zilivuka bahari hadi Unguja. Kutoka Unguja zilikwenda Bara Hindi, Ulaya na Marekani. Huko zilichongwa bangili, vitana, mipini ya visu, na vibao vya vinanda. Mtu wa London alipopiga kinanda sebuleni kwake, vidole vyake viligusa kitu kilichovuka mbuga zetu begani mwa mtu. Yeye hakujua. Na mpagazi naye hakuambiwa mzigo wake utakuwa nini.

Nisiseme yote yalikuwa mabaya. Wanyamwezi wengi waliifanya kazi ya upagazi kwa hiari na kwa ujira. Kijana aliyewahi kufika pwani alihesabiwa kuwa mwanamume kamili. Lakini katika njia hiyo hiyo walipita watu waliofungwa minyororo, nao hawakuwa na ujira wala hiari. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Kazi ya wapagazi iliendelea mpaka reli ilipofika Tabora mwaka 1912.

Sasa tazama nembo tena. Pembe ni mbili, zimeizunguka ngao kulia na kushoto. Angalia zilipo. Haziko begani. Bibi na bwana wamesimama wima, vichwa juu, wamezishika kwa mikono yao. Hawazipeleki kokote. Maelezo ya Serikali yanasema bibi na bwana ni alama ya ushirikiano. Sikatai. Lakini mtu wa Kigwa ana haki ya kusoma zaidi hapo, maana mabega yaliyobeba yalikuwa ya kwao.

Mzee aliuliza pia kuhusu sheria. Hapo jibu ni rahisi. Pembe ya ndovu haipatikani bila ndovu kufa. Mwaka 1989 nchi nyingi za dunia zilikubaliana kusimamisha biashara ya pembe, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa zilizoomba hivyo. Hata baada ya hapo majangili walirudi. Mwaka 2009 ndovu wa Tanzania walihesabiwa kuwa zaidi ya 100,000. Mwaka 2014 walikuwa kama 43,000. Zaidi ya nusu walikwisha kwa miaka mitano tu. Tangu wakati huo idadi imeanza kupanda. Kwa hiyo pembe ya nembo ni ya kuchorwa, na pembe nyingine ibaki mdomoni mwa ndovu.

KARAFUU NA PAMBA

Miguuni pa bwana kuna mmea. Ni mkarafuu. Miguuni pa bibi kuna mpamba.

Mkarafuu hauoti Kigwa. Ni mti wa Unguja na Pemba. Sultani Seyyid Said, aliyehamisha makao yake kutoka Oman hadi Unguja karibu mwaka 1840, ndiye aliyesukuma sana kilimo chake. Mashamba yakawa mengi. Nani alichuma? Walichuma watumwa, na wengi walitoka bara. Walipelekwa kwa njia kama hii yetu, na wengi hawakurudi. Sheria ya Zanzibar iliwapa watumwa uhuru mwaka 1897. Kwa hiyo ukiuona mkarafuu kwenye nembo usidhani ni mmea wa wageni. Watu wa bara waliutilia jasho. Ukifika Pemba leo wakati wa mavuno, utaona karafuu zimeanikwa kwenye majamvi mbele ya nyumba za wakulima, na harufu yake imejaa kijiji kizima.

Pamba nayo ina habari yake. Pembe zilipokwenda pwani, nini kilirudi? Kilirudi kitambaa. Kilichopendwa zaidi kilitoka viwanda vya Marekani, ndiyo maana kiliitwa merikani, na jina hilo lipo hadi leo. Kitambaa kilikuwa fedha. Kililipa ushuru wa mtemi, chakula cha njiani na ujira wa wapagazi. Tena zamani mafundi wa Unyamwezi walilima pamba wakafuma nguo wenyewe kwa mikono. Nguo za kigeni zilipojaa sokoni, ufundi huo ukafa. Leo wakulima wa Igunga na Nzega wanalima pamba kwa wingi, lakini sehemu kubwa inauzwa nje ikiwa nyuzi, haijawa nguo. Mama anayeotesha pamba Igunga akaenda mnadani kununua gauni la mtumba atanielewa nasema nini.

Kuhusu aliyeichora nembo, watu wamebishana. Mzee Francis Maige Kanyasu, aliyejulikana kwa jina la Ngosha, alisema ni yeye. Alifariki mwaka 2017. Wengine walimtaja mtu mwingine. Mimi siwezi kuamua ugomvi huo.

JEMBE NA SHOKA

Katika ngao kuna jembe na shoka, vimepishana. Ni zana za mwananchi za kujenga nchi. Hapa ndipo kazi yangu ilipo, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Jembe lilikuwa na thamani kubwa Unyamwezi. Wahunzi wa Uzinza walifua majembe, wafanyabiashara wakayaleta Tabora. Mahari yalilipwa kwa majembe. Kwa jembe ungeweza kununua mbuzi au chakula. Ukilishika jembe lako leo, umeshika kitu kilichowahi kuwa fedha.

Shoka linanipa mawazo zaidi. Mkoa wa Tabora unalima tumbaku nyingi. Tumbaku hukaushwa kwenye mabani, na bani linakula kuni. Kuni zinatoka kwenye miyombo na mitundu. Miti hiyo hiyo ndiyo inayotoa maua wanayoyafuata nyuki wetu. Mkulima mwenye tumbaku na mizinga anajikata mwenyewe kwa shoka lake, ila haoni kwa sababu jeraha linachukua miaka. Mchoraji alipopishanisha jembe na shoka hakuweka shoka juu ya jembe. Jenga bani linalotumia kuni kidogo. Panda miti ya kuni pembeni ya shamba kabla hujapanda tumbaku. Hayo nimeyasema kwenye mikutano mpaka watu wananitania, na nitayasema tena.

KARATASI YENYE NEMBO

Nembo ina nguvu. Mtu akiiona juu ya karatasi moyo wake unaogopa. Matapeli wanalijua hilo. Nembo inaweza kunakiliwa kwa mashine, ikabandikwa juu ya karatasi yoyote, halafu mtu akazunguka vijijini akidai fedha za mbolea ya ruzuku au za kupimiwa mashamba. Kuna sheria inayokataza kutumia Nembo ya Taifa bila ruhusa. Lakini sheria haitakuwapo mlangoni kwako asubuhi hiyo. Utakuwapo wewe.

Basi soma karatasi yote, siyo picha ya juu tu. Imetoka ofisi gani? Ina tarehe? Ina jina na cheo cha aliyetia saini? Ina mhuri? Mtendaji wa kijiji anaijua? Usitoe fedha bila stakabadhi. Mtu akikuharakisha, mwambie unasoma polepole. Ni kweli, wala si aibu.

Karatasi moja yenye nembo ni ya kuitafuta. Ni Hati ya Hakimiliki ya Kimila. Inatolewa kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Inaonyesha shamba ni la nani na mipaka yake iko wapi. Inatiwa saini na mwenyekiti wa kijiji, mtendaji wa kijiji na ofisa ardhi wa wilaya. Wewe mwenye shamba nawe unatia saini yako, na sasa huhitaji kuweka dole gumba. Mke na mume wanaweza kuandikwa wote wawili katika hati moja. Kwa hiyo hati yako ikija, tazama kwanza bibi na bwana walio juu. Halafu shuka mpaka mahali pa majina, uone kama hapo nako wameandikwa wote wawili.